Mshale wa maji umefika katikati, oili bado imelala

Kwa wenye Impreza, Forester ya turbo, Altezza, Mark II yenye injini ya 1JZ na gari zote za ukoo huo, kuna swali ambalo halikosekani kijiweni: gari la kukimbia ulipashe moto muda gani kabla hujalikanyaga? Mmoja atasema dakika kumi, limesimama. Mwingine atasema hayo ni mambo ya wazungu kwenye theluji, sisi huku jua linatupashia bure. Wa tatu hasemi kitu, anapiga resi getini saa kumi na mbili asubuhi mpaka mbwa wa mtaa mzima wanaamka. Mimi nina Subaru Impreza WRX yenye injini ya turbo ya EJ20, nakaa Arusha, na kilichonifanya niache kubishana ni geji moja ndogo ya joto la oili.

Geji hiyo haiji na gari. Kiwandani wanakupa ya maji basi. Ya oili unaifunga mwenyewe: kuna kisahani cha chuma kinachokaa kati ya filta na bloku, kina tundu la sensa, waya unapita ukutani mwa injini hadi ndani, na saa yenyewe unaibandika pale utakapoiona bila kugeuza shingo. Kazi ya mchana mmoja kwa fundi asiye na haraka. Niliifunga kwa ajili ya milima na foleni, nikitaka kujua oili inapanda hadi wapi gari likiteseka. Sikuwa na habari kwamba kitakachonishangaza ni upande wa baridi.

Asubuhi ya mwezi wa saba Arusha inakuwa kwenye nyuzi 12 au 13, na ukungu unashuka kutoka Meru. Unawasha, unatoka, na baada ya dakika chache mshale wa maji umeshapanda na kutulia katikati, pale pale ulipozoea kuuona siku zote. Kwa macho ya dereva gari limeiva. Ukitupa jicho kwenye geji ya oili unakuta nyuzi 45, au 50. Unaendelea na safari, unapita matuta, unasimama kwenye taa, na oili inapanda pole pole kama mtu asiye na deni. Kufika 80 inachukua muda kama mara mbili ya ule wa maji, wakati mwingine mara tatu, na asubuhi ya mvua ni zaidi.

Ukifikiri sababu yake unaona hakuna muujiza. Maji ya rejeta yanapita pembeni kabisa mwa mahali petroli inapowakia. Tena mwanzoni hayaendi hata kwenye rejeta, kwa sababu thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto, imefunga. Kwenye Subaru inaanza kufungua kwenye nyuzi 78 hivi. Kwa hiyo ni maji kidogo yanayozunguka karibu na moto, lazima yapate joto haraka. Oili ni lita nne na ushee, muda mwingi imekaa kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na sampu inapigwa na upepo wa barabarani. Na hapo hapo mshale wa maji una hila zake: watengenezaji wengi wanaufanya ukae katikati kwa nafasi pana ya joto ili dereva asipate presha kila ukitikisika. Kwa hiyo hata habari za maji hauzitoi zote.

Kwa nini mtu ahangaike na oili ya nyuzi 50? Mtu wa pwani aliyewahi kuhamia huku anajua mafuta ya nazi. Dar yako kwenye chupa yanamwagika, Arusha mwezi wa saba unayachokonoa kwa kijiko. Oili ya injini haigandi namna hiyo, ila inaelekea huko huko. Chukua 5W-40 ya kawaida. Ile 40 ni uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 100. Kwenye nyuzi 40 ni nzito karibu mara sita ya hapo. Kwenye nyuzi 20, inapita mara kumi.

Hapa ndipo shemeji yangu wa Tegeta aliponikamata. Naye ana Impreza, ya kwake STI, na aliponiona nimekuja Dar nikatoka getini taratibu asubuhi alicheka mpaka akashika mlango.

"Shem, hii Dar! Unapasha nini? Hapa hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto."

Nikamwambia asogee aone geji. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha, oili ilikuwa nyuzi 28. Kwa ngozi ya binadamu hilo ni joto la kutafuta feni. Kwa oili ambayo kazi yake imepangiwa nyuzi 90 na kuendelea, 28 ni baridi. Bado ni nzito karibu mara kumi ya itakavyokuwa ikiiva. Kati ya Arusha ya ukungu na Dar ya jasho, tofauti kwa injini ni dakika mbili tatu za kusubiri, basi. Shemeji akasema nimekuwa mzee kabla ya wakati. Lakini alikubali jambo moja, nalo ni kubwa kwa watu wa pwani: aliacha kununua 20W-50. Kuna imani kwamba nchi ya joto inataka oili nzito, na vituo vya mafuta vinaiuza kwa madumu. Kwa lori la zamani sawa. Kwa EJ20 yenye turbo, oili hiyo asubuhi inatembea kwa shida kwenye vinjia vyembamba vinavyokwenda juu kwenye camshafti na kwenye turbo, na baadhi ya vinjia hivyo kwenye Subaru vina chujio dogo ndani ya bolti, dogo kama ncha ya kidole, ambalo likiziba turbo ndiyo ya kwanza kulia.

Watu wengine wana geji ya presha ya oili, nao wanadanganyika kwa njia nyingine. Wanawasha asubuhi, wanaona presha iko juu, bar tano au sita, wanafurahi: "Angalia, oili imejaa tele!" Presha hiyo iko juu kwa sababu oili nzito inakataa kupita. Pampu inasukuma, njia nyembamba zinagoma, presha inapanda mpaka vali ya kupunguza inafunguka na sehemu ya oili inarudishwa ilikotoka bila kufika kazini. Kwenye filta ni hivyo hivyo: oili ikiwa nzito mno kupenya karatasi, kuna vali inaiachia ipite pembeni, haijachujwa, na uchafu wake. Uliza tena presha gari likiwa limeiva kwenye sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa, utaona imeshuka karibu na bar moja, na hapo ndipo oili inapita kwa raha zake. Nimeshaona watu wakiogopa ile ya moja na kuisifia ile ya sita.

Yote hayo yangebaki maneno ya geji kama si mzee mmoja fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, ambaye ameshafungua hizi injini za boksa, zenye silinda zilizolala pande mbili, kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukifika kwake unasalimia kwanza, unakaa kwenye tairi, unasubiri amalize anachofanya. Siku hiyo alikuwa ametandaza gazeti na juu yake amepanga beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, kutoka gari la kijana mmoja, nane, nusu nusu, kama vipande vya kucha za chuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu tazama hizi, usishike na mikono ya vumbi."

Tatu zilikuwa zimekwanguka mpaka rangi ya shaba inaonekana. Nyingine zilikuwa na mistari. Nikauliza kama oili iliisha. Akasema haikuisha, kijiti kilikuwa sawa na oili ilikuwa mpya. Kijana alikuwa anakaa Sakina, anaingia barabara kuu hapo hapo, na gari lake lilikuwa halijui kilomita ya kwanza ya upole. "Hii haikufa siku moja," mzee akasema. "Imekuwa ikilipa kidogo kidogo kila asubuhi." Halafu akanionyesha pistoni, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulipata kwenye geji wala kwenye mabishano ya kijiweni.

Pistoni ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, na ni alumini. Silinda inamokwenda ina slivu ya chuma. Alumini ikipata joto inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipandisha joto la pistoni hiyo kwa nyuzi 100, inanenepa karibu milimita 0.2, na nafasi iliyoachwa kati yake na ukuta ni ndogo kuliko hiyo. Ndiyo maana vyote viwili vinatakiwa vipate joto pamoja. Gari likiwa baridi ukalikanyaga hadi mwisho, kichwa cha pistoni kinapigwa na moto moja kwa moja, kinavimba sasa hivi. Ukuta wa silinda bado uko kwenye maji ya vuguvugu, haujasogea. Na oili iliyopaswa kuwa katikati yao ni chache, kwa sababu injini ikiwa baridi kompyuta inamwaga petroli nyingi ili isizime, na petroli hiyo inaosha kuta. Pistoni ile ya kijana ilikuwa na mikwaruzo upande mmoja, mirefu, unaisikia kwa ukucha. Mzee akapitisha kidole chake kisha akakifuta kwenye ovaroli kama aliyegusa kitu kichafu.

Kuna wanaobadilisha pistoni na kuweka za kufuliwa, zile zinazoitwa "forged", wakiamini wamemaliza matatizo. Zinastahimili nguvu zaidi, ni kweli. Lakini aina nyingi za hizo zinapanuka zaidi, kwa hiyo fundi anaziachia nafasi kubwa, na asubuhi zinagonga kuta, ka-ka-ka-ka, mpaka ziive. Mwenye injini ya namna hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kusubiri.

Basi turudi kwa yule wa dakika kumi gari limesimama. Nia yake ni njema na ninamheshimu kuliko mpiga resi wa getini, ila njia yake siifuati. Injini ikiwa sailensa haifanyi kazi yoyote ya maana, kwa hiyo inatoa joto kidogo. Oili inachelewa kuiva kuliko ukiendesha. Muda wote huo ile petroli ya ziada inaendelea kuosha silinda na kuchuruzika kwenye sampu. Ujerumani, pamoja na baridi yao, sheria ya barabarani inakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu, kupasha moto kukiwamo, na kule hawana uhaba wa magari ya kukimbia. Na ukiwa na banda la kufungwa mlango usithubutu kabisa. Ndani ya ule moshi kuna gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu ya kukuonya na inaua.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa sailensa hawalihesabu. Gari si injini peke yake. Giaboksi ina oili yake, difu ina yake, na hizo hazipati joto mpaka magurudumu yazunguke. Mwenye WRX ya gia tano anajua gia ya pili asubuhi inavyokataa kuingia, unaisukuma unahisi kama kuna mchanga. Hiyo ni oili nzito inaizuia sinkro, kile kipete kinacholinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Ukingoja dakika kumi getini, injini imeiva nusu, giaboksi bado ni ile ile ya saa tisa usiku. Wale wanaojua kwamba giaboksi ya gia tano ya Subaru ni ya kubembeleza, wanaelewa ninachosema na bei yake. Matairi nayo hayashiki yakiwa baridi. Shoki hivyo hivyo.

Ninavyofanya ni hivi. Nawasha, nasikiliza. Mizunguko inaanza juu kidogo halafu inashuka yenyewe. Ikishuka, mkanda umeshafungwa, naondoka. Hiyo ni nusu dakika, asubuhi ya baridi kali labda dakika nzima. Nikiwa barabarani sivuki mizunguko 2,500 kwa dakika, ikipanda sana 3,000, na siiamshi turbo. Mguu mwepesi, gia zinabadilishwa mapema. Lakini pia siikokoti injini kwenye gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kwa sababu kuibebesha mzigo ikiwa chini kabisa ni kuiminya zile beringi wakati oili haijapata mwendo. Upole una kipimo. Nikielekea upande wa Makuyuni, barabara yenyewe inanisaidia: matuta ya mjini, foleni, vibao vya 50, na askari na tochi zao. Mpaka naipita Kisongo oili imeshafika 80, na kama sikuwa na haraka, 85. Trafiki wa Arusha wameokoa injini nyingi bila kujua.

Kwenye 80 naanza kuiruhusu ivute. Kukanyaga hadi chini, kwenye njia ya shamba ambako hakuna mtoto wala ng'ombe, nasubiri 90. Baada ya hapo EJ20 inakuwa injini nyingine, haina kelele za ovyo, inapanda bila kusita. Ni hii hii jamii ya injini iliyoipa Impreza ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns. Watu wa rika langu tulipata ugonjwa wa Subaru kutokana na picha za magari yale ya bluu yakiruka kwenye vumbi la Kenya. Picha hazikuonyesha mafundi wanavyoanza siku.

Walio na pesa wametatua jambo hili kiufundi. BMW, kwenye M5 ya mwaka 1998 na M3 iliyofuata, waliweka taa ndogo za njano kwenye geji ya mizunguko: injini ikiwa baridi taa nyingi zinawaka na kukuonyesha mwisho wako uko chini, na kadiri oili inavyopata joto zinazima moja moja, unaongezewa nafasi. Sijaona kitu cha heshima kama hicho kwenye dashibodi. Porsche 911 za zamani, zilizotengenezwa hadi 1998, hazikuwa na maji kabisa, zilipozwa kwa hewa na oili. Dereva wake hana pa kudanganyikia, anayo geji ya oili tu. Na magari ya Formula 1 hayawashwi baridi hata kidogo, wanayapitishia kwanza maji na oili vilivyopashwa kwa mashine, kwa sababu nafasi za ndani zimebana mno. Sisi wenye magari ya mnadani kutoka Japani tunabaki na kidude cha kubandika na subira.

Mwisho wa safari mambo yanageuka. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ukitoka kwenye mbio ukazima ghafla, oili iliyobaki kwenye beringi yake inaungua na kuacha masizi magumu. Wengi wanaweka taima ya turbo, ile inayoacha gari likinguruma lenyewe baada ya kutoa funguo. Mimi sina. Kilomita mbili za mwisho kuelekea nyumbani naendesha kama nimebeba mayai ya mama mkwe, nikifika nazima.

La mwisho ni kwa anayetaka kununua, maana hapa elimu hii inaingiza pesa. Zile pistoni zilizochoka, beringi zilizoanza kulegea, turbo inayovuja, vyote vinajisema gari likiwa baridi na vinanyamaza likishaiva. Muuzaji mjanja analijua hilo kuliko wewe. Utampigia kwamba unafika saa tatu, atakuwa ameshaliwasha tangu saa mbili, amelizungusha mtaa, amelipaki, amelifuta vumbi. Unafika, linawaka vizuri, linanguruma kama simba, unalipia. Mwaka huu nilimsindikiza rafiki kwenda kuangalia Forester ya turbo Njiro. Kabla ya salamu kuisha niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto, na asubuhi hiyo mwenye gari alikuwa ametuambia kwa simu kwamba halijawashwa tangu juzi. Tukamwomba liachwe, tutarudi kesho yake alfajiri, tena tutakuta boneti ya baridi na tutawasha wenyewe. Akasema kuna mteja mwingine anakuja. Rafiki yangu akamjibu amuuzie huyo huyo, tukaondoka. Baada ya wiki akatupigia mwenyewe, bei imeshuka milioni moja na nusu, njooni na mafundi wenu muda mnaotaka. Tulikwenda saa kumi na mbili na nusu, injini ikiwa imelala kweli. Iligonga kwa dakika kama tatu, ka-ka-ka upande wa kushoto, kisha ikanyamaza. Yule mzee wa Unga Limited, ambaye tulimtoa kitandani kwa ahadi ya chai na supu, akasema hiyo inavumilika kama mtashusha milioni nyingine, na kama mnunuzi ataweza kuuzuia mguu wake mpaka Kisongo.